Tiki ya Mwalimu Elisha

Jumamosi, 1 Novemba

Ukumbi wa kanisa, Auburn. Jumamosi kama zote. Meza, watoto, hesabu, kelele. Chai yangu ilipoa kabla sijaigusa. Mwalimu Elisha akanigombeza tena kwamba nawasaidia watoto upesi mno. Anasema mtoto aachwe akwame kidogo. Nina mvi kichwani na bado ananigombeza kama mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Haya.

Leo hakumaliza somo. Alikuwa ubaoni anaeleza sehemu, mara akaketi sakafuni, polepole, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Watoto wakacheka. Vituko vyake wanavijua. Halafu mdomo ukaenda upande.

Ambulensi haikuchelewa. Sikuruhusiwa kupanda. Wewe ni nani wake? Rafiki. Basi, wanaoruhusiwa ni ndugu wa damu tu. Nikabaki barabarani na koti lake mkononi.

Rafiki! Ningesema nini? Mwaka niliofika Sydney sikumjua mtu. Yeye ndiye aliyenipeleka kununua blanketi, na yeye ndiye aliyeniingiza katika Undugu wa Chaki. Sisi ni walimu wa kwetu ambao hapa hatufundishi tena. Tunaosha wazee, tunaendesha malori, tunapakia maboksi kwenye maghala. Jumamosi tunawasomesha watoto wa watu bure, Jumapili tunafagia kanisa na kupanga viti, na katikati ya wiki anayepatikana anampeleka jirani hospitali. Kwa Kiingereza cha ambulensi hilo halina jina.

Jumapili, 2 Novemba

Kiharusi. Kikubwa. Daktari ni kijana, anasema polepole na kwa adabu. Watahakikisha hana maumivu. Maneno hayo nayajua, nayasikia kazini kila mwezi.

Neema yuko Perth. Ndiye mtoto pekee wa Mwalimu. Mama yake alifariki Neema akiwa mdogo, Mwalimu akamlea mwenyewe, akimsuka nywele vibaya mpaka majirani wakamwonea huruma. Anapanda ndege usiku huu. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. "Tell him I'm coming, Uncle. Tell him to wait for me."

Nikamnong'oneza sikioni. Neema anakuja, umsubiri. Hakufumbua macho. Sijui kama alisikia. Natamani kuandika kwamba alisikia.

Jioni nikampigia Mwenyekiti wetu. Nikamweleza wazi: yu hai, lakini madaktari hawana la kufanya. Akasema ameelewa.

Jumatatu, 3 Novemba

Mwalimu amefariki mchana. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Neema hakuwepo.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 4 Novemba

Nijaribu sasa.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye treni naelekea hospitali. Simu ikaanza kutetemeka na haikuacha. Bango la tanzia. Picha ya Mwalimu amevaa tai ya kijivu ya Undugu, mishumaa huku na huku, njiwa wawili juu. Kwa majonzi makubwa, Undugu wa Chaki unatangaza kifo cha Mwalimu Elisha. Nikadhani amefariki nikiwa njiani. Nikakimbia kutoka stesheni, mimi na magoti haya. Nikamkuta anapumua.

Aliyelituma ni Mwenyekiti. Huyu alikuwa mwalimu mkuu kwetu, mtu wa heshima zake, na siku hizi anaendesha lori la makontena. Alikuwa bandarini, Port Botany, kwenye foleni. Alilitengeneza bango mapema ili likae tayari, maana Ndugu Tobias alipofariki chama cha watu wa kaunti yake kilitutangulia kutangaza, na ndivyo tulivyo sisi: anayetangaza kwanza ndiye mwenye msiba. Hilo halikumtoka moyoni. Basi mtu mmoja akamwandikia pole, yeye akadhani Mwalimu ameshakata roho na habari imevuja. Akabonyeza.

Nilimpigia nikamfokea mbele ya manesi. Akalifuta. Kufuta nini? Lilikuwa Bungoma, lilikuwa Nairobi, lilikuwa Melbourne, lilikuwa kwenye grupu la kwaya.

Neema akatua, akawasha simu. Ndivyo alivyopata habari ya kifo cha baba yake. Shangazi zake wanalia kwenye jumbe za sauti, watu asiowajua wanamwombea marehemu. Akaizima. Hospitali ikampigia, imezimwa. Nikampigia mimi, nikampigia tena na tena, imezimwa. Naye amekaa kwenye benchi la uwanja wa ndege. Kwa nini akimbie? Akimbilie nini? Akanywa kahawa. Akakaa tena.

Alifika mchana, taratibu, akauliza wanakoweka maiti. Nesi akamwambia, pole sana, baba yako amefariki sasa hivi tu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nimemwona mtu akielewa jambo hilo. Sitaki kuona tena uso wa namna ile.

"I had a coffee," aliniambia. "Uncle, I sat there and I had a coffee."

 

Alhamisi, 6 Novemba

Tumekwenda kutoa pole. Mwenyekiti na mimi, bila kupiga simu, maana nani hupiga simu akienda msibani? Sufuria ya wali, sufuria ya kuku. Neema yuko kwenye fleti ya baba yake, ghorofa ya tatu. Akafungua kidogo, mnyororo haukutoka. Mwenyekiti akasafisha koo. Alikuwa ameandaa hotuba, najua, nilimsikia akiifanyia mazoezi kwenye lifti. "Kwa niaba ya Undugu..." Mlango ukafungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa taratibu kabisa, na hilo liliuma zaidi.

Tukala ule wali kwenye gari. Ulikuwa umepoa. 

Nimemwandikia Neema ujumbe jioni. Sikujitetea, sikumtetea mtu. Nimeomba jambo moja tu, chaki.

Nalieleza hapa kwa sababu huko sikujua nilieleze vipi likaeleweka. Ndugu yetu akifa, kabla jeneza halijaondoka, kila mmoja hutia tiki kwa chaki juu ya kifuniko. Tiki kubwa, ile ya daftari la mtoto aliyepata. Anayeanza ni yule aliyeingizwa na marehemu. Mtu hajisahihishi mwenyewe, ndivyo walivyosema waliotuanzishia jambo hili chuo cha ualimu, lazima mwenzake amtazame na kusema amepata. Wageni huona tunachafua jeneza. Mke wa Ndugu Tobias alikasirika, kisha akaomba chaki na yeye.

Na Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio tunaita majina, kwa kichwa, bila karatasi. Waliomaliza na waliopo. Asiyetiwa tiki hahamishwi kwenda kwa waliomaliza. Hatujawahi kuwa na wa namna hiyo.

Mwalimu Elisha, wa kuanza kumtilia tiki ni mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Neema hajajibu.

Ukumbini watoto walikaa wenyewe bila kuambiwa. Jambo hilo halijawahi kutokea. Nilishika ubao. Sehemu zilezile. Nikaandika vibaya, nikafuta, nikaandika vibaya tena.

Msichana mmoja wa Kikongomani akanyoosha mkono. "Is he dead for real this time?"

Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na hesabu zake. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye mapipa ya taka mpaka nikaweza kurudi.

Jumanne, 11 Novemba

Nilikuwa namlisha uji mzee wa chumba cha mwisho. Ujumbe wa Neema ukaingia. "It was yesterday. Just me and him. Please let people know."

Mwili wa Mwalimu umechomwa. Jana. Jana nilikuwa wapi? Nilikuwa hapahapa, nabadilisha mashuka.

Hakuna jeneza tena. Hakuna kifuniko. Mzee akafungua mdomo kungoja kijiko nami nimeganda. Nikamlisha. Uji ukaisha. Nikamfuta kidevu.

Nina hasira na siwezi kuielekeza kwa mtu. Neema? Angefanya nini kingine? Alinyang'anywa dakika zake za mwisho na watu wenye tai za kijivu, halafu watu haohao wanaomba waingie na chaki. Ningekuwa mimi ningefunga mlango na kuweka kabati nyuma yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwenyekiti amekuja kwangu. Ameegesha kichwa cha lori mbele ya nyumba, jirani amelalamika. Hakutaka chai. Amesema anaacha uenyekiti. Nikamwambia sawa. Alitegemea nimzuie, niliona. Sikumzuia.

Kisha akalia. Mtu mzima, mwalimu mkuu, ameshika kofia. Anasema alitaka tu Mwalimu apate heshima yake. Namwamini. Hapo ndipo penye ubaya wote. Angekuwa mshenzi ningemchukia nikapumzika.

Mke wangu akampa leso. Mimi niliangalia dirishani.

Jumatatu, 17 Novemba

Neema amepiga simu. Sauti kavu. Fleti inatakiwa kuachwa wazi wiki hii, vitu ni vingi, hana gari, hana mtu. "There's nobody else, Uncle."

Nikasema nitakuja. Sikutaja chaki. Baada ya kukata simu nikaenda kutafuta kipande kizuri, kizima, nikakitia mfuko wa shati. Mimi naye mpumbavu.

Alhamisi, 20 Novemba

Siku nzima kubeba. Van ya kuazima, ngazi, maana lifti imeharibika. Vitabu vya hesabu. Vikombe alivyopewa na watoto, kila kimoja kimeandikwa mwalimu bora duniani, angefungua mkahawa. Maboksi ya chaki ambayo hayajafunguliwa. Nani hununua chaki siku hizi? Neema aliyaweka upande wa kutupwa. Nikayabeba nikayashusha kwenye mapipa ya taka.

Majivu yalikuwa jikoni, pembeni ya birika. Boksi la plastiki la kijivu. Nilidhani ni la chai.

Tulipumzika sakafuni, viti vilikuwa vimeshaondoka. Akaniuliza kama baba yake aliogopa. Nikasema hapana. Akauliza kama alikuwa peke yake. Nikasema nilikuwepo, nilimshika mkono. Mkono ulikuwa na joto? Ndiyo. 

"That was my seat," akasema. "You were in my seat."

Nikasema ndiyo. Ni kweli. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto wake, na kama nisingekaa angekufa peke yake. Yote mawili ni kweli na hayasaidiani.

Halafu nikaeleza. Nilieleza vizuri safari hii, kwa Kiswahili, polepole. Tiki ni nini. Nani huanza. Kwamba bila hiyo jina lake haliendi kwa waliomaliza. Kwamba boksi lile linatosha, si lazima jeneza. Nikatoa chaki nikaiweka sakafuni kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Amerithi kusikiliza kwa baba yake, ameinamisha kichwa vilevile.

"No," akasema. Kisha kwa Kiswahili, na sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima: "Mlishamfanyia yenu, Uncle. Niachieni hii iwe yangu."

Akachukua funguo akashuka kupanga vitu kwenye van.

Nikabaki peke yangu na boksi. Chaki mkononi. Plastiki haishiki chaki vizuri, lakini ingeshika. Tiki ndogo tu, upande wa chini, asingeiona kamwe. Ningekuwa nimemaliza wajibu wangu. Jumapili ningeita jina lake mahali pake na kila mtu angelala usingizi. Nilipiga magoti. Nililiinua boksi. Ni zito kuliko mtu anavyodhani.

Mwenyekiti naye alitaka heshima ya Mwalimu. Naye hakumuuliza mtoto.

Nikalirudisha pembeni ya birika, likielekea vilevile lilivyokuwa. Nikashuka na vikombe.

Ijumaa, 21 Novemba

Mkutano wa dharura, ukumbini. Ubishi mtupu. Wengine: aitwe pamoja na waliomaliza, kwani tutamwita maiti kati ya walio hai, watu watucheke? Wengine: katiba ni katiba. Mmoja akaleta wazo la kutia tiki kwenye picha yake. Picha ipi? Iliyokuwa kwenye bango? Akaketi.

Mwenyekiti, ambaye si mwenyekiti tena ila hatujapata wa kumrithi, alikaa nyuma.

Wakaniuliza mimi kwa kuwa mimi ndiye mtu wake. Nikasema tulishamhamisha mara moja kabla ya wakati. Hatumhamishi tena mpaka mwenye ruhusa aseme. Neema asiposema, basi. Abaki hapohapo, kati ya waliopo.

Hakuna aliyefurahi. Hakuna aliyekuwa na la afadhali. Tukafunga kwa sala na kurudisha viti.

Neema amerudi Perth asubuhi ya leo na boksi lake. Nimelijua hilo kwa ujumbe mfupi. Ameandika asante kwa kubeba.

Jumapili, 23 Novemba

Joto. Feni mbili, moja inalia. Watu wameingia na maua ya zambarau ya miti ya barabarani yamekwama kwenye viatu, nikafikiri nani atafagia, kisha nikakumbuka ni sisi.

Mimi ndiye mwita majina mwaka huu. Nilianza na waliomaliza. Kila jina hufuatwa na jambo alilotenda, anayelijua analisema akiwa amesimama. Ndugu Tobias. Mjane wake akasimama: aliwafundisha akina mama wa kanisa kusoma, jikoni kwake, kila Jumatano, mpaka wakaweza kusoma barua zao za hospitali bila kuita watoto. Ndugu Kasongo. Jamaa wa Bukavu akasimama: alipanda juu ya paa la kanisa hili kwenye mvua akaziba panapovuja, na mwezi huohuo alikuwa akiwapeleka wagonjwa hospitali ya Liverpool, hapahapa Sydney, kwa gari lisilo na kiyoyozi, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba na yeye ni mgonjwa. Tukaitikia amepata, amepata. Majina mengine yakafuata. Yakaisha.

Hapo ndipo angekuwa. Niliinua kichwa. Watu wote walikuwa wanaliwaza jina hilohilo, niliona midomo. Nikapita.

Waliopo huitwa kwa jinsi walivyoingia, wa zamani kwanza. Wanaitikia nipo. Mwenyekiti aliitikia kwa sauti ndogo mno. Wengine wakaitikia. Nikafika.

"Ndugu Elisha."

Katiba inasema mwita majina asubiri jibu. Nikasubiri. Feni inalia. Mtoto mmoja akaanza kusema kitu, mama yake akamziba mdomo. Mwenyekiti ameangalia sakafu. Nikasubiri zaidi ya inavyotakiwa, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nikiendelea ndio nitakuwa nimekubali kwamba mwaka ujao ni hivihivi, na mwaka utakaofuata.

Jina linalofuata ni la mtu aliyeingizwa na yeye.

Nikaliita. Nikajiitikia mwenyewe, nipo.